Mstari wa Cambridge: Wa Kwanza, wa Pili na Mwenye Mwiko

Kwa zaidi ya karne moja na nusu, Chuo Kikuu cha Cambridge hakikuridhika kuwapa wahitimu wake wa hisabati shahada na kuwaacha waende zao. Kiliwapanga mstari mmoja, wa kwanza hadi wa mwisho, jina chini ya jina, kikausoma mstari huo hadharani na kuuacha ufike magazetini. Orodha rasmi za kuchapwa zilianza mwishoni mwa miaka ya 1740. Ya mwisho ilitoka 1909.

Wa kwanza aliitwa Wrangler Mkuu. Wrangler kwa Kiingereza ni mbishi, na cheo hicho ni masalia ya enzi za mabishano. Kabla mtihani wa maandishi haujashika hatamu, mwanafunzi alipimwa kwa kusimama na kutetea hoja kwa Kilatini mbele ya wapinzani aliopangiwa, na mbishi hodari ndiye aliyesifiwa. Mabishano yalififia, kalamu ikachukua nafasi ya ulimi, cheo kikabaki. Wote wa daraja la kwanza waliitwa Wrangler, na katikati ya karne ya 19 walikuwa thelathini na kitu kwa mwaka. Chini yao walikuja Senior Optime, kisha Junior Optime. Waliosalia walichukua shahada ya kawaida, isiyo na heshima za Tripos, kama mtihani wenyewe ulivyoitwa.

Ulikuwa mtihani wa kutoa jasho katikati ya baridi. Ulifanyika Januari ndani ya Senate House, jumba la mawe meupe lililokamilika 1730, na haukuhamishiwa majira ya joto hadi miaka ya 1880. Mwaka 1854 watahiniwa walikalia karatasi 16 kwa siku 8. Jumla ilikuwa saa 44 na nusu, na maswali yalikuwa 211. Siku za kwanza zilikuwa za mambo ya kitabuni: thibitisha hiki, eleza kile. Mafundo yalingoja siku za mwisho. Hakuna aliyetarajiwa kuyamaliza yote, kwa hiyo ushindi ulimwendea anayejua na ambaye mkono wake haukusita. Mtu wa kufikiri polepole, hata angekuwa na kichwa cha namna gani, aliachwa njiani.

Francis Galton, katika kitabu chake cha 1869 kuhusu urithi wa akili, alipekua alama za mitihani hiyo akastaajabu. Katika orodha moja Wrangler Mkuu alipata zaidi ya alama 7,500. Wrangler wa mwisho alikuwa na kama 1,500, na aliyefunga mkia wa orodha nzima ya heshima hakufika 300. Galton aliona hapo ushahidi kwamba akili za watu zimetofautiana kama mlima na kichuguu. Yeye mwenyewe alikuwa amesoma Cambridge, afya ikamwangusha kabla ya Tripos, akaondoka na shahada ya kawaida. Msomaji na apime mwenyewe kama hilo lilichangia mshangao wake.

Tuzo ya kushika nafasi za juu ilikuwa kubwa kuliko sifa. Wrangler wa juu aliweza kutegemea nafasi chuoni yenye posho, chumba na meza, akae nayo alimradi hajaoa. Kutoka hapo milango ya kanisa, mahakama na serikali ilikuwa wazi. Kwa mtoto wa mkulima au wa mfanyabiashara mdogo, siku zile nane za Januari zilikuwa na thamani ya urithi.

Palipo na tuzo kama hiyo, tuisheni haikosi kuota. Maprofesa wa Cambridge walifundisha, tena wengine wakiwa na jambo jipya la kusema, lakini lisilotoka kwenye mtihani halikuwa na wasikilizaji. Wanafunzi walikwenda kwa walimu binafsi wa mjini, wakawalipa kutoka mfukoni. William Hopkins, aliyekuwa wa saba mwaka 1827, alikuwa mtu mwenye mke, kwa hiyo nafasi ya chuoni haikuwa yake. Akaishi kwa kufundisha. Kufikia 1849 wanafunzi wake karibu 200 walikuwa wamekuwa Wrangler, na 17 kati yao Wrangler Mkuu. Mjini walimwita mtengenezaji wa washindi.

Aliyemrithi, Edward Routh, alimpita. Alikuwa mwanafunzi wa Hopkins, Wrangler Mkuu wa 1854, na 1864 alimwoa binti wa George Airy, Wrangler Mkuu wa 1823, kana kwamba ufundi ule unakwenda kwa ukoo. Routh alifundisha kwa vikundi vidogo na kwa ratiba isiyopinda. Kila wiki aliwapa wanafunzi karatasi ya maswali ya mitihani iliyopita, akayasahihisha, akabandika orodha ya alama ili kila mmoja ajue amesimama wapi na nani anamfukuzia. Kwa zaidi ya miaka ishirini mfululizo hakuna Wrangler Mkuu aliyepita nje ya mikono yake. Mzazi wa Dar es Salaam au Nairobi anayelipia tuisheni atautambua mtindo huo bila kuelezwa.

Ajabu ni kwamba ukiutazama mstari huo leo, majina yanayong'aa mara nyingi ni ya pili. Si kwamba wa kwanza walikuwa bure. John Herschel mnajimu alikuwa wa kwanza 1813, George Stokes 1841, Arthur Cayley 1842, na 1843 John Couch Adams, ambaye muda si mrefu baadaye alipiga hesabu za mahali ilipo sayari ya Neptune kabla haijaonekana. Lakini wa pili mwaka 1845 ni William Thomson, ambaye dunia inamjua kama Lord Kelvin. Wa pili mwaka 1854 ni James Clerk Maxwell, aliyeuunganisha umeme, sumaku na mwanga katika nadharia moja. Wa pili mwaka 1880 ni J. J. Thomson, aliyegundua elektroni.

Kushindwa kwa Kelvin kumezaa visa. Inasimuliwa kwamba asubuhi ya matokeo alimtuma mtumishi wake akatazame nani amekuwa wa pili, naye akarudi na jibu: ni wewe, bwana. Kisa kingine kinauma zaidi. Wasahihishaji walikuta majibu mawili yanayofanana mno kwenye swali moja gumu, moja la Thomson, jingine la Stephen Parkinson aliyemshinda. Walipowauliza, Parkinson alisema aliisoma hoja ile katika jarida fulani la hisabati. Thomson akasema makala ile aliiandika yeye. Iwe ilitokea hivyo hasa au imetiwa chumvi, kisa hicho kilipendwa kwa sababu kilisema jambo ambalo kila mtu chuoni alilijua: aliyehifadhi aliweza kumtangulia aliyebuni.

Cambridge yenyewe ilikuwa na dawa yake ndogo. Robert Smith, mkuu wa Trinity, kimojawapo cha vyuo vya Cambridge, aliyefariki 1768, aliacha fedha za zawadi mbili kila mwaka kwa wahitimu hodari wa hisabati, pauni 25 kila moja. Mtihani wa zawadi hizo ulifuata Tripos, ukiwa na maswali machache na mazito zaidi, na huko mambo yaligeuka. Kelvin alimshinda Parkinson. Mwaka 1854 Maxwell na Routh waligawana ushindi. Mtahini wao alikuwa Stokes, na moja ya maswali aliyowapa kuthibitisha ndiyo nadharia ambayo kila mwanafunzi wa uhandisi anaisoma leo kwa jina la Stokes. Ilichapwa kwa mara ya kwanza pale, kwenye karatasi ya mtihani.

Mmoja wa hao wa pili anatuhusu sisi wa pwani. Katika orodha ya Januari 1848 wa kwanza alikuwa Isaac Todhunter, ambaye vitabu vyake vya kiada vilifundisha hisabati vizazi kadhaa, hadi India. Wa pili alikuwa Mskoti Charles Frederick Mackenzie. Angeweza kubaki Cambridge maisha yake yote. Mwaka 1855 akaenda Natal pamoja na Askofu John William Colenso, naye mshindi wa pili, wa 1836. Wakati Mackenzie yuko huko, tarehe 4 Desemba 1857, David Livingstone alisimama ndani ya Senate House, jumba lile lile la mtihani, akawasihi vijana wa chuo waikumbuke Afrika. Kutokana na wito huo ikazaliwa misheni ya vyuo vikuu, ile ambayo kwetu ilijulikana kwa herufi zake, UMCA. Ilipotafuta askofu wa kwanza, ilimpata Mackenzie.

Aliwekwa wakfu Cape Town siku ya mwaka mpya wa 1861. Akapanda mto Shire hadi Magomero, katika Malawi ya leo, akawapokea watu waliokombolewa kwenye misafara ya watumwa, kisha akaingia vitani upande wa Wamang'anja dhidi ya Wayao, jambo lililomletea lawama nyingi Uingereza. Mtumbwi wake ulipopinduka, dawa za homa zikazama. Alifariki tarehe 31 Januari 1862 penye makutano ya Ruo na Shire, miaka 14 baada ya jina lake kusomwa la pili kutoka juu.

Mrithi wake, William Tozer, aliliacha bonde lile na mwaka 1864 akaihamishia misheni Unguja, akiwa na Edward Steere. Steere hakuwa Wrangler. Alisoma sheria London, na mstari wa Cambridge haukuwa na la kusema juu yake. Ndiye aliyetoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, akaendesha shughuli za uchapaji wa misheni, na akasimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini pale palipokuwa soko la watumwa. Kwa kigezo cha alama, misheni ilimpoteza mtu mkubwa Shire ikampata mdogo Unguja. Kwa kigezo cha kazi iliyobaki, wasomaji wa Kiswahili wanajua jibu.

Twende mwisho wa mstari. Aliyekuwa wa mwisho katika Junior Optime alipewa mwiko. Siku ya kutunukiwa shahada, wenzake walijipanga ghorofani ndani ya Senate House, na alipopiga magoti mbele ya Makamu Mkuu wa Chuo wakauteremsha kwa kamba hadi usoni pake. Miiko ya zamani ilikuwa ya jikoni kweli. Kadiri miaka ilivyopita ilikua, ikapakwa rangi na nembo za chuo. Wa mwisho kabisa, wa 1909, alipewa Cuthbert Holthouse wa chuo cha St John's. Holthouse alikuwa mpiga makasia, na mwiko wake ulichongwa kwa kasia, mrefu kuliko mita moja, ukaandikwa beti za Kigiriki zilizomwambia mtazamaji kwamba hatauona mwingine. Upo chuoni kwake hadi leo. Tusisahau kwamba mwenye mwiko alikuwa na shahada ya heshima, wakati vijana wengi wa rika lake walipita kwenye shahada ya kawaida bila hata kujaribu. Alichekwa kwa sababu tu mstari wake ulikuwa na mwisho unaoonekana.

Kuonekana huko ndiko kulikoupa mstari nguvu yake nyingine, ambayo waliouanzisha hawakuikusudia. Palikuwa na watu wengi ambao Cambridge haikutaka kuwapa kitu. Kuwanyima shahada ilikuwa rahisi. Kuwanyima nafasi kwenye orodha ya alama haikuwa rahisi vile.

Mwaka 1837 wa pili alikuwa James Joseph Sylvester, Myahudi. Shahada ilihitaji kiapo cha imani ya Kanisa la Uingereza, naye hakuapa, kwa hiyo mtu wa pili kwa hisabati chuo kizima aliondoka mikono mitupu. Dublin ilimpa shahada 1841. Cambridge ilimpa 1872, akiwa karibu na miaka 60 na jina lake limeshaenea Ulaya. Katikati ya tarehe hizo, mwaka 1869, Numa Hartog akawa Myahudi wa kwanza kushika nafasi ya Wrangler Mkuu. Kiapo cha shahada kilikuwa kimeondolewa kufikia hapo, lakini maneno ya kumtunuku mhitimu yalitaja Utatu, na chuo kikalazimika kupitisha ruhusa maalumu yasitamkwe kwake. Nafasi ya posho ambayo wa kwanza aliihesabu kama yake, bado ilidai imani. Hartog alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la mabwana, na Juni 1871 sheria ikaondoa vizuizi hivyo. Alifariki kwa ndui mwezi huo huo.

Kisha wanawake. Walianza kwa kuruhusiwa kufanya mtihani kwa hisani ya watahini. Mwaka 1880 Charlotte Scott wa chuo cha Girton alipata alama za kumweka sawa na Wrangler wa nane. Jina lake halikuwa kwenye orodha, lakini lilipofika jina la mwanamume wa nafasi hiyo vijana wakapaza sauti wakamtaja yeye. Mwaka uliofuata chuo kikarasimisha haki ya wanawake kufanya mtihani, kwa masharti: wangesomwa kwenye orodha yao, kila mmoja akitajwa angekuwa kati ya nani na nani kwenye orodha ya wanaume, na shahada hawapati.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa tarehe 7 Juni 1890. Wa kwanza kwa wanaume alikuwa G. T. Bennett wa St John's, akashangiliwa. Wakasomwa wanaume wote. Msomaji akageukia orodha ya wanawake, ambayo wa kwanza wake alikuwa Philippa Fawcett wa chuo cha Newnham. Babake, Henry Fawcett, alikuwa wa saba mwaka 1856, kabla hajapofuka na kuja kuwa waziri wa posta. Mamake, Millicent, aliongoza harakati za kura ya wanawake. Kwa kanuni, msomaji alipaswa kusema Philippa yuko kati ya nani na nani. Kwa alama zake hakukuwa na wa kumweka juu yake. Ikabidi atamke kwamba yuko juu ya Wrangler Mkuu, na kelele zikafunika yaliyobaki. Habari ilivuka bahari hadi Marekani.

Cheo hakuchukua. Shahada hakuchukua. Mwaka 1897 chuo kilipopiga kura kuhusu shahada za wanawake, waliokataa walikuwa 1,713 na waliokubali 662, na wanafunzi wa kiume wakatundika sanamu ya mwanamke juu ya baiskeli. Cambridge ilikubali 1948. Philippa, ambaye katikati alikwenda Transvaal kusaidia kupanga shule kisha akafanya kazi ya elimu London kwa miaka mingi, alifariki Juni ya mwaka huo huo.

Mwaka 1899 zamu ilikuwa ya R. P. Paranjpye, kijana wa Kihindi kutoka Fergusson College ya Pune, aliyefungana na George Birtwistle kwenye nafasi ya kwanza. Kwa dola iliyokuwa ikijieleza kwamba inawatawala Wahindi kwa kuwazidi akili, orodha hiyo ilikuwa aibu iliyochapwa na wenyewe. Paranjpye alirudi kuwa mkuu wa Fergusson, kwa mshahara wa kujitolea.

Walioumaliza mstari ule hawakuwa watu walioshindwa nao. Waliongozwa na walioshinda. A. R. Forsyth alikuwa Wrangler Mkuu wa 1881. G. H. Hardy alikuwa wa nne mwaka 1898 na alichukia kila saa aliyotumia kujinoa kwa ajili yake. Hoja yao ilikuwa ya hisabati yenyewe: wakati Göttingen na Paris zinajenga uchanganuzi wa kisasa, Uingereza ilikuwa inawafundisha vijana wake bora ujanja wa kutegua maswali ya mwaka juzi. Mageuzi yakapita, 1909 ikawa mwisho, na kuanzia 1910 madaraja yakatangazwa kwa alfabeti. Hardy hakutosheka. Mwaka 1926, akiwa rais wa chama cha walimu wa hisabati, alihutubia akitaka Tripos ifutwe kabisa. Na ni yeye huyo aliyefungua barua kutoka Madras mwaka 1913 na kumtambua Srinivasa Ramanujan, kijana aliyekuwa ameanguka mitihani ya chuo India na kupoteza ufadhili. Ramanujan alifika Cambridge 1914 na kupata shahada kwa utafiti 1916. Mstari ule usingempata kamwe, hata wa mwisho.

Nakubaliana na Hardy kuhusu hisabati. Kuhusu haki, sina hakika sana. Orodha ya alfabeti ingemficha Fawcett katikati ya majina mengine ya F. Kenya ilipopiga marufuku kupanga wanafunzi na shule kwa nafasi mwaka 2014, na Baraza la Mitihani la Tanzania lilipoacha kutangaza kumi bora mwanzoni mwa 2023, hoja za kuacha zilikuwa nzito: biashara ya shule, shinikizo kwa watoto. Waliolalamika, wakiwemo walimu wa shule zisizo na jina, nao walikuwa na lao. Siku ya kumi bora ndiyo siku pekee ambayo binti wa kijiji aliweza kusomwa juu ya mtoto wa shule ya ada kubwa, taifa zima likisikia.

Cambridge, kwa desturi yake, ilifuta mstari na kuubakiza. Msomaji wa majina Senate House husoma kwa alfabeti, na akifika kwa aliyepata alama za juu kuliko wote hugusa kofia yake. Wanaojua huangalia mkono. Kwa njia hiyo watu walijua 1973 kwamba wa kwanza ni Lee Hsien Loong, ambaye baadaye aliiongoza Singapore kwa miaka 20. Na kwa njia hiyo nafasi ya kwanza ilikwenda kwa mwanamke mwenye haki zote za chuo mwaka 1992, miaka 102 baada ya Fawcett, bila jina lake kusomwa mahali pengine popote isipokuwa pale lilipoangukia kwenye alfabeti.